Maswali Ambayo Hatukuyauliza

Kahama, Jumanne, 4 Machi 2025
Mawingu tangu alfajiri. Manyunyu yamekatika saa mbili, njia ya stendi ni tope tupu.

Mpendwa Serafina,

Bahasha yako ilifika jana kwa basi la Geita, nikaenda kuichukua mwenyewe kwa wakala. Nimesikitika kwamba Herman amekunyang'anya hata simu, eti ni mali ya kaka yake. Basi tutaandikiana hivi hivi, kama tulivyokuwa tukipeana vikaratasi kule Shinyanga mwalimu akigeukia ubao. Afadhali sasa hakuna wa kututoa nje ya darasa.

Nimezungumza na Wakili Eustace, mwajiri wangu, naye amekubali kuichukua kesi yako. Nilimweleza kama ulivyoandika: kwamba mumeo Nkwabi alifia kwenye duara, lile shimo la dhahabu, lilipoporomoka Novemba, kwamba nyumba ya Geita mliijenga pamoja, na kwamba shemeji yako Herman ameshaingiza vitu vyake humo na ameiomba mahakama imteue yeye kuwa msimamizi wa mirathi, ili wewe na binti yako Hosiana mkae humo kwa hisani yake. Wakili anasema kesi yako ina miguu. Ila anataka umwandikie kila kitu, hata jambo ambalo hujawahi kumwambia padri. Alisema, "Siri ya mteja nikiisikia kwanza kwa mpinzani, nimeshashindwa."

Usiogope mwandiko wako. Siku hizi tuna akili mnemba. Ofisi tatu za mawakili zilizoko ghorofani kwa Mzee Jafferali tumejiunga kwenye akaunti moja, kama tulivyojiunga kwenye intaneti na mashine ya kutoa nakala. Naipiga picha barua, yenyewe inaisoma, inaipanga na kuniandalia hati ya kiapo kwa Kiingereza kabla chai haijapoa. Kazi iliyokuwa ikinimalizia siku nzima sasa naimaliza asubuhi.

Msalimie Hosiana. Mwambie mama yake mdogo wa Kahama anamngoja likizo.

Wako,
Rhoda


Geita, 9 Machi 2025

Shoga yangu Rhoda,

Shikamoo ya wakili mfikishie. Mashine yenu ikiweza kusoma mwandiko huu wa kuku basi imesoma sana, ipewe cheti.

Nimekaa siku tatu na kalamu. Kuhusu nyumba nimeandika kwenye karatasi ile nyingine: nani alifyatua tofali, nani alipaua, majirani gani walishuhudia. Hii ni ya lile alilosema wakili, la padri.

Hosiana si damu ya Nkwabi. Nilipokutana naye nilikuwa na mimba tayari, na aliyenipa alikuwa ameshapita njia yake, sitamtaja. Nilimwambia Nkwabi siku ileile aliyosema anataka kunioa, nikijua atachukua kofia yake na kwenda. Akacheka. Akasema ukinunua ng'ombe mwenye mimba, ndama anazaliwa zizini kwako, hakuna anayekwenda kuuliza fahali. Akanioa kwa ng'ombe kumi na wawili, wazee wakala, wakanywa, na Hosiana akazaliwa kwetu.

Aliyejua ni dada yake Nelly peke yake, kwa sababu ndiye aliyesimamia posa na alikuwa na macho. Hakunisema. Miaka kumi na sita, ng'wanawane, mwanangu we, tumegombana na wifi huyu kwa mambo mangapi, ya dagaa, ya kanga, ya mdomo wangu, na hajawahi kulichomoa hilo hata akiwa na hasira.

Hosiana mwenyewe hajui. Anatembea kama Nkwabi. Akitaka kudanganya anakohoa kwanza, kama Nkwabi. Tangu tumzike baba yake analala na koti lake la kazini. Nitamwambia mimi, akimaliza kidato cha nne, tukiwa wawili. Kwa hiyo mwambie wakili hivi: nyumba nikiikosa nitapanga chumba. Lakini hili mwanangu asilisikie kwa kinywa cha mtu mwingine.

Usininunie kwa kuwa sikukuambia wewe. Kadiri nilivyokupenda ndivyo nilivyoona haya.

Serafina (Mama Hosiana)


Kahama, Ijumaa, 14 Machi 2025
Jua kali tangu saa moja. Upepo wa vumbi.

Mpendwa Serafina,

Barua zote mbili nimezipokea. Sijanuna. Niliinuka kwenye kiti, nikaenda dirishani nikaangalia magari ya mchele yakipakia, halafu nikarudi kazini. Sasa nimeelewa kwa nini mwaka ule uliacha ghafla kunijibu barua.

Wakili alisema zote niziingize kwenye mashine ili itupangie hoja na majibu, endapo jambo hili litaibuka. Nimefanya hivyo. Anasema hata likiibuka halitakudhuru mbele ya sheria. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa ndoa hiyo. Kitanda hakizai haramu. Lakini sisi hatutalitaja.

Kesi inasikilizwa Alhamisi, tarehe 3 Aprili, hapo Geita. Jambo jingine: Herman amemwacha wakili wake wa kwanza, amemchukua Wakili Theonest, mwenye mlango wa tatu kutoka kwetu. Usishtuke. Mawakili hukwaruzana mahakamani na jioni wakanywa chai pamoja. Siri yako haitavuka mlango wa ofisi hii. Hilo nakuahidi mimi, si wakili.

Rhoda


Geita, 13 Aprili 2025

Rhoda,

Wakili atakuwa amekwambia. Nakuandikia ili ulisikie kwangu pia.

Shule zilikuwa zimefunga, nikaenda na Hosiana mahakamani. Nilifikiri ataona mama yake anavyosimama. Alikaa benchi la pili, amevaa lile gauni la kipaimara. Nelly alikuja kutoka Chato, akakaa upande wetu, si upande wa ndugu zake. Nilijiona tajiri.

Wakili wa Herman alianza kwa upole, mayu hivi, mayu vile, kama anaongea na mama yake. Halafu akauliza, na nakuandikia neno kwa neno maana halinitoki: "Je, ni kweli kwamba ng'ombe kumi na wawili walipotolewa, tayari ulikuwa mjamzito kwa mwanaume ambaye hadi leo hujamtaja kwa familia ya marehemu?" Wakili wetu akasimama kupinga. Hakimu akasema nijibu. Rhoda, nilikuwa nimeapa kwa Biblia. Nikajibu ndiyo.

Sikugeuka kumtazama Hosiana. Nilisikia benchi likilia, kama linavyolia mtu anapoinuka. Nilipomaliza kuhojiwa hakuwepo nje, hakuwepo stendi, na nyumbani nguo zake mbili hazikuwepo wala lile koti. Leo ni siku ya kumi. Nimekwenda polisi, nimekwenda kwa rafiki zake, nimezunguka machimbo yote nikiuliza akina mama wanaopika kama wameona binti. Wengine wananicheka, wanasema mabinti huku ni wengi, nitaje rangi.

Aliyejua alikuwa mmoja tu. Amekaa upande wangu, kumbe alikuwa amekaa ili aone ninavyoanguka. Ndugu ni ndugu, tamaa ya nyumba ya kaka imewashinda. Palepale nje ya mahakama nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, mbele za watu. Akaishika shingo yake tu kama mtu aliyemwagiwa maji. Kanga zake zilizokuwa kwangu nimezirudisha kwa dereva.

Ukisikia lolote la Hosiana huko Kahama, niambie.

Serafina


Kahama, Alhamisi, 17 Aprili 2025
Kumepambazuka na mvua. Umeme haukuwepo hadi saa tatu.

Kwa Wakili Eustace,

Shikamoo. Naandika kwa sababu ana kwa ana ningelia, nawe hupendi kilio ofisini.

Baada ya kusoma barua ya Mama Hosiana nilifungua yale mazungumzo ya tarehe 14 Machi kwenye mashine. Mashine yenyewe imeyapa kichwa: "Mirathi ya Nkwabi, mtoto asiye wa marehemu." Kichwa hicho kinaonekana kwa kila anayeingia, na tunaingia ofisi tatu. Chini ya kazi yetu nimekuta maandishi ambayo si yako wala si yangu, ya tarehe 31 Machi. Mtu ameandika: "Niandikie maswali ya kumhoji mjane huyu kuhusu mimba, yamfanye ayumbe." Mashine imetoa maswali kumi. La nne ndilo lililoulizwa mahakamani, neno kwa neno.

Siri haikutolewa na wifi yake. Tuliitoa sisi. Mimi ndiye niliyeipiga picha barua yake ikiwa na majina yote, na sikujiuliza ni nani mwingine anayeingia humo, ingawa mimi ndiye niliyebandika neno la kuingilia ukutani juu ya mashine ya nakala.

Mteja anamshutumu mtu asiye na kosa. Naomba ruhusa yako tumwambie wiki hii.

Rhoda


Kahama, 22 Aprili 2025

Binti Rhoda,

Marahaba. Nimeisoma barua yako wakati wa Pasaka na haikunipa raha.

Unayosema ni kweli. Wajibu wangu wa kutunza siri ya mteja haujabadilika tangu nilipoapishwa. Ila katika kanuni ninazozijua mimi, sijaona mstari unaoitaja mashine hii, na ambapo kanuni haijasema, mtu huenda kwa mazoea. Mazoea yetu ni kushirikiana vitu. Theonest naye amekosa, tena zaidi. Aliona kitu cha mwenzake akakitumia badala ya kufunga na kuniita. Lakini siwezi kumshtaki bila kujishtaki.

Fikiri kama mtu wa sheria. Uamuzi unatoka Juni. Tutashinda. Tukimwambia leo atatukimbia, atatafuta wakili mwingine, kesi itaanza upya, na Herman atabaki ndani ya nyumba. Ukweli hauozi. Utamngoja hadi Juni.

Badilisha neno la kuingilia leo na ufute yale mazungumzo. Mama Hosiana aandikiwe barua ya kumfariji.

Eustace


Kahama, Ijumaa, 25 Aprili 2025
Mawingu mepesi. Baridi kidogo.

Mpendwa Serafina,

Nimeuliza hapa stendi na kwa akina mama wa soko la mchele, hakuna aliyemwona Hosiana. Picha yake nimempa Zahida wa duka la simu hapa chini, naye anaionyesha kwa wateja wote wanaotoka machimboni.

Kuhusu Nelly, nakuomba usimhukumu haraka. Maneno huweza kupita njia nyingi. Mtu aliyenyamaza miaka kumi na sita sidhani kama angesema mwaka huu.

Kesi inakwenda vizuri. Jitahidi kula.

Rhoda


Geita, 15 Juni 2025

Rhoda,

Tumeshinda. Hakimu amesema mtoto ni wa marehemu kwa kuwa alizaliwa ndani ya ndoa na marehemu alimlea kwa jina lake hadi kufa. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Herman ametoa vitu vyake, amenirudishia na simu. Sijaiwasha.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia maneno hupita njia nyingi. Nilikusubiri unitajie hata moja. Nikaona ni huruma yako tu, huwa hupendi kumsema mtu.

Nelly amekufa. Alikuwa na presha ya siku nyingi. Wamemzika Alhamisi, Chato.

Baada ya siku ile ya mahakama alikuja kwangu mara mbili. Mara ya kwanza aliacha kikapu cha sato wakavu mlangoni, nikampa jirani. Mara ya pili, mwezi wa tano, aligonga geti muda mrefu, akasema, "Mama Hosiana, nifungulie. Nina neno la mtoto." Nikamjibu nikiwa ndani, "Neno la mtoto umeshalimaliza mahakamani." Nikasikia ndala zake zikienda.

Msibani sikwenda. Mtaa mzima umelisema, kwamba hata adui huenda kumzika adui yake. Nikasema waseme. Sasa jirani yangu aliyekwenda amerudi jana na kuniambia kwamba Hosiana yuko pale. Yuko Chato tangu Aprili, kwa shangazi yake. Ndiye aliyekuwa akimpa dawa. Ndiye aliyemwosha. Amenyolewa kichwa pamoja na watoto wa marehemu.

Basi nimemaliza kuelewa. Alinitolea siri, halafu akamchukua mtoto. Nimeshinda nyumba yenye vyumba vinne na ninalala jikoni.

Sitakwenda kumchukua kwa nguvu. Kama amechagua kuwa mtoto wa aliyenivua nguo, na awe.

Serafina


Kahama, Jumatano, 18 Juni 2025
Asubuhi kavu, baridi ya kiangazi, anga jeupe bila wingu.

Serafina,

Kaa chini kabla hujaendelea.

Nelly hakusema. Hakumwambia Herman, hakumwambia wakili, hakumwambia mtu yeyote. Aliyeitoa siri yako ni ofisi hii, na mkono ulioitoa ni wangu.

Ile mashine niliyokusifia, ofisi tatu zilikuwa zikiingia kwa neno moja. Nilichoingiza mimi, wenzetu walikiona. Niliingiza barua yako nzima, na jina lako, na jina la Hosiana. Herman alipohamia kwa Wakili Theonest, mtu wa ofisi ile alifungua akakuta kila kitu, akaiomba mashine imtungie maswali ya kukuyumbisha. Nimekuwekea karatasi ya maswali hayo ndani ya bahasha hii. La nne utalitambua. Wakili alinitaka nifute, sikufuta.

Haya niliyajua tarehe 17 Aprili. Niliomba ruhusa nikuambie, nikakataliwa, nikatii. Nilikuandikia kwamba maneno hupita njia nyingi, nikiwa nimekalia njia yenyewe. Ningekuambia siku ile, Nelly alipogonga geti mwezi wa tano ungemfungulia, na neno la mtoto alilokuwa nalo lingekuwa kwamba mwanao yuko salama kwake. Hilo siwezi kulirudisha, wala sikuombi uniambie neno lolote juu yake.

Leo asubuhi nilimweleza Wakili Eustace kwamba nakuandikia, na kwamba napeleka malalamiko kwa wanaosimamia maadili ya mawakili, juu yake na juu ya Wakili Theonest, nami nimejitaja humo. Nilifikiri atafoka. Aliuliza tu kama nimeweka tarehe sawasawa. Kisha akasema nisirudi kesho. Nimeshuka na kikombe changu na mwavuli.

Katika malalamiko nilikuwa nimeandika pia kwamba hatukuwa waovu. Tulikuwa watu wa kushirikiana, kama tunavyoshirikiana chumvi na ndoo, na hakuna aliyetuambia kwamba kile tulichokiweka katikati si chumvi. Nilipolisoma tena neno hilo nikalikata. Lilionekana kama utetezi, na wewe hukuambiwa na mtu yeyote ujitetee pale kizimbani. Uliapa ukasema kweli.

Nimempigia simu mtu wa Chato ninayemfahamu. Msiba unamalizwa Jumamosi hii, tarehe 21. Barua hii ikipanda basi la kwanza utaisoma kesho, na una Ijumaa nzima ya kusafiri. Nenda, Serafina. Usiende na maelezo. Wanawake watakunyamazia, na wako watakaoinuka ukikaa karibu nao. Wewe kaa chini kwenye mkeka. Mtu huyo ameniambia jambo moja la Hosiana: tangu azikwe shangazi yake hajaongea na mtu, lakini kila basi la Geita likisimama anatoka nje kuangalia wanaoshuka.

Akikuuliza kwa nini hukumfungulia shangazi yake, mwambie ulidanganyika. Akikuuliza aliyekudanganya ni nani, usitafute maneno ya kunificha. Mpe jina langu kamili.

Rhoda


Alhamisi, 19 Juni, saa kumi na mbili asubuhi. Kavu kama jana. Sikuifunga bahasha usiku kwa kuwa nilitaka kuisoma tena kwenye mwanga. Nimeisoma, sijabadilisha kitu. Naipeleka stendi. Usingizi ulinichukua saa tisa na robo usiku.